Safari ya Milima ya Magharibi kwa Pesa za Kibubu



Wasomaji wetu, na khasa kina mama mnaobeba hesabu ya nyumba, likizo ndefu ya mwisho wa mwaka inakaribia na watoto wameanza maswali yao. Nasi mwaka uliopita tuliulizwa. Usiku mmoja baada ya Isha, runinga ilikuwa ikionyesha watu wa nchi za baridi wakiteleza juu ya theluji, mbao nyembamba zimefungwa miguuni mwao, na mlima wote mweupe kama unga wa ngano. Mwanetu wa miaka minane aliwatazama hadi mwisho, kisha akauliza: “Baba, sisi tutakwenda lini?”

Tulicheka sote isipokuwa Bibi. Yeye aliweka tasbihi yake juu ya mkeka, akasema kwa upole: “Milima iko hata upande wa Butali. Na Butali mimi nina mtoto.”

Kicheko kikakatika. Dada yetu aliolewa Butali, katika kaunti ya Kakamega, yapata miaka kumi na saba iliyopita. Kila mwaka mmoja au miwili hushuka Mombasa na watoto wake, akatuletea mahindi, karanga na kuku, akakaa nasi, akaondoka. Sisi hatukuwahi kukanyaga mlango wake hata mara moja. Udhuru haukukosekana: nauli, shule, kazi, magoti ya Bibi. Lakini katika miaka hiyo hiyo pesa za sare za harusi zilipatikana, na pesa za kubadilisha pazia kila Idi zilipatikana. Za kwenda Butali ndizo zilizokosekana.

Makala haya ni maelezo ya jinsi tulivyoipanga safari hiyo bila ya kukopa, njia tuliyopita, na tuliyoyakuta. Tunayaandika kwa kuwa tunaamini nyumba nyingi za pwani zina Butali yao.

Theluji iko wapi?

Kwanza tulitaka kumjibu mtoto kwa ukweli. Kenya haina mahali pa mchezo wa kuteleza kwenye theluji. Wakenya walioshiriki mchezo huo mbele ya ulimwengu walijifunza ugenini. Philip Boit, aliyekuwa mkimbiaji, alipelekwa Finland akafunzwa huko, na mwaka 1998 akawa Mkenya wa kwanza katika Olimpiki ya majira ya baridi, mjini Nagano, Japani. Katika mbio za kilomita 10 alimaliza wa mwisho, na mshindi wa mbio hizo, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimngojea mwishoni mwa njia ili ampongeze. Miaka 20 baadaye, katika Olimpiki ya mwaka 2018 nchini Korea Kusini, Sabrina Simader, mzaliwa wa Kenya aliyekulia Austria, akawa mwanamke wa kwanza wa Kenya katika michezo hiyo.

Theluji ya Afrika Mashariki iko juu ya vilele vitatu: Kilimanjaro wenye mita 5,895, Mlima Kenya wenye mita 5,199, na Rwenzori, mpakani mwa Uganda na Kongo, wenye mita 5,109. Kuifikia kunataka siku nyingi, waongozaji, vifaa na fedha ambazo mtu wa kipato chetu hawezi kuziota. Tena barafu yenyewe inapungua mwaka baada ya mwaka.

Milima ya magharibi ya Kenya haina theluji ya kudumu. Mkubwa wao ni Elgon, ambao kilele chake cha juu, Wagagai, kiko upande wa Uganda na kina mita 4,321. Upande wetu kuna Koitoboss wenye mita 4,222. Huko juu kuna baridi ya kweli, ukungu, mvua ya mawe na sakitu za alfajiri. Tulimwambia mwanetu: “Theluji hatukuahidi. Baridi tunakuahidi.” Alifikiri kidogo, akakubali.

Hesabu ya kibubu

Tulinunua kibubu cha udongo tukakiweka juu ya kabati, mahali ambapo kila mtu hukiona na hakuna anayekifikia kwa urahisi. Tulikuwa na wiki 40 mbele yetu. Tuliazimia kutia shilingi 1,200 kila Ijumaa, ili mwisho wake ziwe shilingi 48,000. Wiki nyingine zilikuwa nyepesi na nyingine nzito. Ilipokuwa nzito tulipunguza nyama, au tulikwenda kwa miguu pale tulipozoea kupanda tuktuk. Watoto nao walitia sarafu zao za Idi.

Jambo moja tulilikataa tangu mwanzo, nalo ni mikopo ya simu. Ni rahisi kubonyeza kitufe na pesa zikaingia, lakini zina riba ndani yake, na safari ya kuunga undugu haifai kuanzia hapo.

Mgawanyo wetu ulikuwa hivi. Tulikuwa watu wazima watatu, yaani sisi wawili na Bibi, pamoja na watoto wawili walio chini ya miaka 12. Treni ya Mombasa hadi Nairobi, daraja la kawaida, nauli yake tangu Januari 2024 ni shilingi 1,500 kwa mtu mzima, na mtoto wa miaka 3 hadi 11 hulipa nusu. Hiyo ni shilingi 6,000 kwenda na 6,000 kurudi, jumla 12,000. Basi la Nairobi hadi magharibi tulilitengea shilingi 15,000 kwa kwenda na kurudi. Gari la kukodi na matatu za huko tukazitengea 8,000, viingilio vya hifadhi 4,000, zawadi na mchango wa jikoni 5,000, na akiba ya dharura 4,000. Jumla ni zile zile 48,000.

Mtaona kwamba hakuna hoteli katika hesabu hii. Malazi ndiyo hula pesa za msafiri, na malazi yetu yalikuwa kwa ndugu. Lakini tunawaomba msilisome jambo hili vibaya. Mtu akiwapa kitanda, hajawapa ruhusa ya kummaliza. Tutalirudia hapo mbele.

Nauli na viingilio hubadilika, basi hakikisheni bei mpya kabla ya kupiga hesabu zenu. Tena msipange safari ya magharibi katika wiki ya kuelekea Krismasi. Siku hizo wenzetu wa bara wote wanarudi makwao, na nauli ya basi hupanda sana, huku nafasi zikipatikana kwa kusukumana. Shule hufungwa mapema kuliko hapo. Sisi tuliondoka wiki ya kwanza ya Desemba, mabasi yana nafasi na mvua nzito zimekwisha kupungua. Kakamega ni nchi ya mvua. Aprili na Mei hunyesha kweli kweli, na Agosti pia si haba. Miezi mikavu zaidi ni kuanzia Desemba hadi Februari.

Mizigo

Sweta usizinunue bara. Zinunue Mombasa, kwenye mitumba ya Kongowea, kwa kuwa huku kwetu kwenye joto sweta haina wagombezi wengi. Kila mtu alipata sweta moja nzito, jozi mbili za soksi na kofia. Kwa kina mama, fulana ya mikono mirefu chini ya buibui inatosha kwa Butali; kwa mlimani ongezeni shali nzito. Chukueni na mwavuli hata kama anga iko wazi, kwani mawingu ya Kakamega hukusanyika ghafla baada ya adhuhuri. Nchi ile ina radi nyingi. Wafundisheni watoto wasijikinge mvua chini ya mti. Na chandarua cha mbu kisisahauliwe, maana malaria ipo.

Mzigo wa Bibi ulikuwa shughuli ya peke yake. Alichukua nazi kumi na mbili, halua, kahawa, viungo vya pilau na jozi mbili za leso. Tulimwambia nazi ni nzito. Akasema: “Mtoto wangu ana miaka kumi na saba anapikia maziwa. Nazi hizi nitazibeba mimi mwenyewe.” Bila shaka hakuzibeba yeye.

Njia

Kuna mabasi ya usiku yaendayo moja kwa moja kutoka Mombasa hadi magharibi. Ni rahisi zaidi kwa pesa, na kijana mwenye afya hatadhurika. Lakini kumkalisha mama wa miaka sabini na magoti mabovu kwenye kiti kimoja usiku kucha na sehemu ya mchana si ihsani. Tukaikata safari vipande viwili.

Siku ya kwanza tulipanda treni ya asubuhi kutoka Miritini. Chakula tulibeba chetu: mikate ya mofa, kachori, mayai ya kuchemsha na chai ndani ya chupa. Tulifika Nairobi wakati wa Adhuhuri haujatoka, tukasali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya na kupunguza, kisha tukalala kwa jamaa zetu Pumwani.

Siku ya pili tulipanda basi la mchana lipitalo Nakuru na Eldoret kuelekea Webuye. Faida ya kusafiri mchana ni kwamba nchi yenyewe huwa darasa. Watoto waliliona Bonde la Ufa likifunguka chini yao, na Bibi akasoma tahlili hadi tulipoliacha nyuma. Tulipokaribia Timboroa, ambako barabara hupita kwenye nyanda za juu sana, madirisha yote ya basi yalifungwa bila ya mtu kuambiwa. Mwanetu akavaa sweta yake kwa fahari kubwa. Webuye tukashuka, tukapanda matatu iendayo upande wa Kakamega, na kabla ya giza kuingia tukawa Butali.

Butali ni kituo cha biashara kwenye barabara hiyo ya Kakamega na Webuye, katika nchi ya Wakabras, upande wa Malava. Kuna kiwanda cha sukari, na matrekta yenye matela ya miwa hupita mchana na usiku. Upande wa mashariki umesimama ukuta wa milima ya Nandi, rangi yake ya buluu asubuhi na ya kijani jioni. Kwa mtu wa pwani, ambaye kilima chake kikubwa ni njia ya kupanda kutoka kivukoni Likoni, kuamka na kuuona ukuta ule ni jambo la kumnyamazisha.

Ibada safarini

Yapo mambo matatu tuliyojifunza ambayo huenda yakawafaa. La kwanza ni saa. Butali iko mbali upande wa magharibi, kwa hiyo jua huzama huko dakika kadhaa baada ya kuzama Mombasa. Mwenye kufuata ratiba ya swala ya nyumbani atasali Magharibi kabla ya wakati wake, na akiwa amefunga atafuturu jua lingali juu.

La pili ni kibla. Mombasa tumezoea kuelekea kaskazini karibu moja kwa moja. Butali kibla ni kaskazini pia, lakini kwa kuinama kidogo upande wa mashariki, kuelekea milima ya Nandi. Shemeji yetu alikuwa ametia alama ukutani kwa chaki.

La tatu ni kupunguza swala. Katika madhehebu yetu ya Shafi, msafiri aliyenuia kukaa mahali siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na ya kutoka, hukoma kuwa msafiri pindi afikapo. Sisi tulinuia siku sita, kwa hiyo tulipofika tulisali kamili. Mwenye shaka juu ya safari yake amuulize imamu wake kabla ya kuondoka, na dada zetu wanaopanga kwenda bila ya maharimu wamuulize vilevile mapema, wasingoje hadi tiketi zimekatwa.

Mlangoni kwa dada

Tulikuwa tumempigia simu na alijua tunakuja. Hata hivyo alipomwona mamake akishushwa garini, alisimama pale pale na kikapu chake mkononi, hakuja mbele wala hakurudi nyuma. Bibi ndiye aliyemwendea, kwa magoti yale.

Kabla ya Isha ua ulikuwa umejaa majirani. Waluhya husalimiana kwa neno “mulembe”, na maana yake ni amani. Bibi alipoelezwa hilo alifurahi mno, akawa anawaitikia kila mmoja: “Wa alaikumu ssalaam, mulembe.” Jirani mmoja mzee, mama wa Kikristo aliyemsaidia dada yetu katika uzazi wake wote, alimshika Bibi mikono miwili akamwambia maneno kwa Kiluhya. Tulimwomba dada atufasirie. Alisita, kisha akasema: “Anasema anamshukuru Mungu. Anasema siku zote walidhani mimi sina kwetu.”

Wasomaji wetu, maneno hayo yalitukaa vibaya, na hadi leo hayajatoka. Miaka kumi na saba tulikuwa tukimtumia salamu na kumpokea kwa furaha kila ajapo. Tulidhani tumetimiza haki yake. Hatukujua kwamba huko alikoolewa, mwanamke ambaye watu wake hawajapata kuonekana huhesabiwa kuwa hana watu. Akigombana na mumewe, nani atakuja kuuliza? Akifiwa, nani atasimama upande wake? Mumewe, alhamdulillahi, ni mtu mwema. Lakini heshima yake pale kijijini ilikuwa imesimama kwa wema wa mumewe peke yake, na sisi ndio tulioiacha hivyo.

Tulimuuliza kwa nini hakutuambia. Akajibu: “Ningesemaje? Njooni mnionyeshe kwa watu?”

Usiku ule Bibi alikuna nazi. Mbuzi ya nazi ilikuwa imetundikwa jikoni tangu dada alipoolewa, haina kazi ila mara chache. Harufu ya wali wa nazi ilipotoka, watoto wa jirani walikuja kusimama mlangoni, nao wakapakuliwa.

Milima yenyewe

Sasa turudi kwenye ahadi ya mtoto. Siku ya pili tulikwenda Buyangu, sehemu ya kaskazini ya msitu wa Kakamega, ambayo imekuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka 1985. Iko kwenye barabara ile ile ya Kakamega, na matatu hukushusha njiani. Kutoka hapo ni kutembea. Msitu huu ni mabaki ya msitu mkubwa wa mvua uliowahi kuungana na ile ya Kongo, na una zaidi ya aina 300 za ndege. Tuliona mbega weusi wenye mikia myeupe wakiruka juu ya vichwa vyetu, na vipepeo ambao binti yetu alichoka kuwahesabu. Watoto walipanda kilima cha Buyangu pamoja na baba yao, wakauona msitu wote umetandazwa chini kama zulia hadi kwenye milima ya Nandi. Kiingilio cha hifadhi za taifa hulipwa kwa njia ya eCitizen, si kwa pesa taslimu. Lipieni mkiwa bado nyumbani ambako mtandao ni mzuri, na beba kitambulisho.

Siku ya tatu ilikuwa Ijumaa. Shemeji ni mzaliwa wa Mumias, akatupeleka kusali Ijumaa huko kwao. Inafaa watoto wetu wajue kwamba njia baina ya pwani na Mumias ni ya zamani. Katika karne ya 19 misafara ya wafanyabiashara wa pwani ilifika kwa wafalme wa Wanga kwa miguu, miezi njiani, na Uislamu ukaingia huko pamoja nao hadi ndani ya nyumba ya kifalme. Nabongo Mumia, aliyefariki mwaka 1949, ndiye mji unaitwa kwa jina lake. Tulikutana na wazee wenye majina kama yetu na Kiswahili chenye lafudhi ya kwao, wakatukaribisha kwa kahawa kama waliotungojea. Sisi tuliokuwa tumelalamikia siku mbili za treni na basi tuliona haya.

Siku ya nne tulipumzika, kisha asubuhi ya siku ya tano tukaondoka baada ya Alfajiri kwa gari la kukodi. Tulipita Webuye, ambako tulionyeshwa kilima cha Chetambe. Hapo mwaka 1895 Wabukusu walijihami ndani ya ngome yao wakapigana na jeshi la Waingereza. Tukapita Kitale na Endebess hadi lango la Chorlim, la hifadhi ya Mlima Elgon. Bibi na dada walibaki nyumbani kwa hiari yao. Walikuwa na miaka kumi na saba ya maneno.

Elgon ni mlima wa volkeno iliyozimika zamani, na mapango yake ni mashuhuri. Kitum ndilo linalotajwa zaidi, kwa kuwa ndovu huingia ndani usiku kuchimba chumvi ukutani kwa pembe zao. Lakini sisi hatukuwaingiza watoto pangoni. Mwaka 1980 na mwaka 1987 watu wawili waliougua homa ya Marburg walikuwa wametembelea Kitum, na popo huaminika kuwa ndio wabebaji wa kirusi hicho. Watu wengi huingia na kutoka salama, na kila mzazi atapima mwenyewe. Sisi tulipima tukaona mlango wa pango watosha kutazamwa kwa mbali.

Gari lilipanda taratibu kati ya miti mikubwa ya mierezi, kisha tukafika kwenye mianzi. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua takriban nyuzi sita, na watoto waliisoma hesabu hiyo kwa miili yao. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi njiani. Tukashuka garini. Mwanetu akafungua kinywa kutaka kusema, na mvuke mweupe ukamtoka. Aliruka nyuma kwa mshtuko. Akapuliza tena. Kisha akamwita dadake, nao wakasimama pale wakipuliziana mivuke na kucheka mpaka masikio yakawawekundu. Hakuulizia tena theluji siku hiyo.

Adabu ya mgeni

Tuliahidi kulirudia jambo hili. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na mafunzo ya Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, yanaweka haki ya mgeni kuwa siku tatu, na kinachozidi ni sadaka ya mwenyeji, tena yamkataza mgeni kukaa hadi amtie mwenyeji wake katika dhiki. Kwa hiyo tangu siku ya tatu unga, mafuta na nyama vilitoka mfukoni mwetu. Hatukumpa dada fedha mkononi, maana angezikataa. Tulikwenda sokoni pamoja naye na tukalipa sisi. Kina mama walisaidia jikoni na kufua, na Baba alishinda siku moja shambani pamoja na shemeji akipalilia miwa, ingawa mistari aliyoipalilia ilibidi irudiwe.

Kuku nao walitumaliza. Mgeni kwa Waluhya hachinjiwi kitu kingine kabla ya kuku, na kila nyumba iliyotualika ilimwita shemeji achinje ili tuwe na amani ya halali. Adabu hiyo ya majirani wasio Waislamu tunaiandika hapa kwa shukrani.

Yaliyobaki

Tulirudi Mombasa tukiwa na shilingi 2,350 katika zile 48,000. Tulikosea baadhi ya mambo. Tulibeba nguo nyingi mno za mchana na chache za usiku. Hatukuitengea Nairobi pesa za teksi, na Bibi hakuweza kutembea kutoka kituoni. Safari nyingine tutakaa siku moja zaidi, na tutapunguza matembezi ili Bibi apate asubuhi nyingi za kukaa barazani na bintiye.

Siku ya kuondoka, majirani walikuja tena. Safari hii dada yetu hakusimama na kikapu. Alikuwa akipita baina ya watu akiwatambulisha kwa sauti: huyu mama yangu, huyu kaka yangu, huyu wifi yangu, hawa watoto wetu wa Mombasa. Aliwatambulisha hata wale waliokwisha kututambua tangu siku ya kwanza.

Basi, ndugu wasomaji, kabla ya kupanga likizo, kaeni kitako na mhesabu: ni nani wa aila yenu aliyeolewa mbali, ambaye nyinyi hamjapata kumfikia? Awe Butali, Garissa, Tanga au Moroni, anzeni hapo. Wekeni kibubu Ijumaa hii. Milima, bahari au msitu vitapatikana njiani, insha’Allah, na watoto hawatakosa cha kusimulia.

Kibubu chetu kipya kimekwisha kuwekwa juu ya kabati. Bibi ndiye aliyetia shilingi ya kwanza, na ameanza kuulizia bei ya nazi.

Wabillahi tawfiq.